Wachambuzi wetu wanaongelea kila kitu isipokuwa muziki: Tanga tufungue podikasti ya kubishania nyimbo

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Kuna kipindi cha Marekani kinaitwa Sound Opinions. Kilianzia redioni, siku hizi kinajitegemea na wengi tunakipata kama podikasti. Wanaokiendesha ni Jim DeRogatis na Greg Kot, wote wa Chicago. Walikuwa wahakiki wa muziki kwenye magazeti mawili hasimu, DeRogatis Chicago Sun-Times na Kot Chicago Tribune. Yaani watu waliotakiwa kunyang'anyana habari wakaamua kukaa meza moja wabishane kuhusu albamu: rock kwanza, halafu soul, hip hop, chochote kilichotoka. Kwa miaka mingi walikuwa na hukumu tatu: nunua, nakili, tupa. Mmoja anaweza kusema nunua na mwenzake akasema tupa, na raha yote ni kusikia kila mtu anavyoutetea msimamo wake.

Huko kutetea msimamo ndiko kulikonifanya nilete uzi. Mhakiki wa kweli akikwambia wimbo mbovu anakuonyesha ubovu umekaa wapi. Sauti ya mwimbaji imefunikwa na vinanda, ubeti wa pili umerudia wa kwanza, drams zinakimbia mbele ya besi. Unaweza kukataa, lakini ili ukatae inabidi urudi kuusikiliza tena. Hapo tayari amekufanyia kazi.

Sasa fungua kipindi cha burudani cha kwetu, redio yoyote. Saa nzima msanii anaulizwa kaachana na nani, gari ni lake au la kuazima, bifu na fulani limefikia wapi. Wimbo wenyewe unapigwa mwishoni na mtangazaji anauongelea juu mpaka kwenye kiitikio. Ukitoka hapo unajua chumba anacholala msanii, hujui nani kapiga gitaa. Inaniuma sana, na inaniuma zaidi kwa kuwa naandika nikiwa Tanga.

Huu ndio mji wa bendi za dansi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndio mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, waliochukua taarab wakaitilia gitaa la umeme na besi miaka ya 60, Mombasa wakasikia na wao wakafuata. Mtoto wa Ngamiani leo umuulize Jamhuri Jazz ilipigaje, atakwambia "zilipendwa" na hapo hapo mazungumzo yamekwisha. Neno lile limekuwa kifuniko. Hakuna anayeuliza zilipendwa kwa lipi.

Nitoe mfano wa ninachotaka tukifanye. Chukua santuri ndogo ya miaka ya 70, zile za mizunguko 45. Upande mmoja unabeba dakika tatu, nne hivi, kwa hiyo nyimbo nyingi za dansi ziliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza ni mashairi, mwendo wa taratibu, mwimbaji analia na mapenzi yake. Unageuza santuri, unakutana na chemko: waimbaji wanapisha, magitaa yanachukua nyumba. Kaa usikilize chemko hilo kwa spika nzuri. Gitaa la solo liko juu, wote tunalisikia. Chini yake kuna second solo inayojibu, haiigi, inajaza pale solo ilipopumua. Ridhimu inakata katikati. Besi inatembea, tena mara nyingi besi ndiyo inayokwambia wimbo unaelekea wapi kabla solo haijafika. Watu wanne, kila mmoja na sentensi yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Hapo sasa linganisha na rock. Gitaa la rock linapitishwa kwenye amplifaya iliyozidishiwa nguvu mpaka sauti inapasuka na kunguruma. Mngurumo ule unaongeza sauti ndogo ndogo juu ya noti uliyopiga. Ndiyo maana wapiga rock wanapenda kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) za noti mbili tu, ile ya msingi na ya tano yake: ukiziongeza nyingi kwenye mngurumo zinagongana masikioni. Sasa fikiria ule mngurumo uupe magitaa matatu ya Atomic kwa pamoja. Yote yangegeuka uji. Kwa hiyo usafi wa sauti ya gitaa la Tanga si umaskini wa vyombo peke yake kama wengine wanavyodai. Muziki wenyewe uliudai. Rock inataka gitaa moja lijaze ukumbi. Dansi ya kwetu inataka magitaa matatu yapeane nafasi.

Hilo ni dai langu. Nataka mtu anipinge kwa kutumia sikio lake. Nataka podikasti ya Tanga ambayo watu wawili watatu wanafanya hivyo kila wiki, kwa Kiswahili, wakiongelea dansi, taarab, bongo fleva, na rock pia. Nani yuko tayari?

Mgosi wa Chumbageni

Mleta uzi, hoja ya umbea redioni nakuunga mkono mia kwa mia. Lakini rock inaingiaje? Muziki wa Wazungu wenye nywele ndefu. Tuna Atomic, tuna marapa wetu Wagosi wa Kaya, tuna singeli inatikisa nchi. Tuanze na vya kwetu, vya watu watavihakiki wenyewe.

Mpiga besi

Mgosi, rock haikuanza na Wazungu. Sister Rosetta Tharpe alikuwa mama mweusi wa Marekani anayeimba nyimbo za kanisani na gitaa la umeme mkononi kabla hao unaowasema hawajajua kushika kodi. Chuck Berry mweusi. Weupe waliupokea, wakaukuza, wakaubandika sura yao.

Na hapa kwetu pia ilipita. Kulikuwa na bendi ya Sunburst Dar es Salaam miaka ya 70, wanapiga rock yenye Afrika ndani yake. Albamu yao ilitoka Zambia mwaka 1976. Zambia wakati ule ilikuwa inawaka kwa bendi za rock: WITCH, Amanaz, Musi-O-Tunya, vijana wa migodini na mijini wanapiga magitaa yenye mngurumo huo huo anaousema mleta uzi. Mwaka 2016 lebo ya Strut ya Uingereza ikazikusanya kazi za Sunburst ikazitoa upya. Wahakiki wa Ulaya wakaziandika, wakazipigia debe. Sisi tuliokuwa na bendi yenyewe hatuna hata kipindi kimoja cha nusu saa kilichouliza kwa nini haikushika hapa. Hilo ni swali la podikasti.

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya rock ya Queen, sitaki hata kuanza. Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 1946, familia ikaondoka 1964 baada ya Mapinduzi. Kila mwaka tunamkumbuka kwa kusema alizaliwa kwetu, basi. Sijawahi kusikia mtu wa hapa akikaa kuichambua sauti yake.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Vijana, nimesoma. Kijana wa Chumbageni anapouliza rock inaingiaje, aelewe mabishano hayo ni ya zamani. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Ulionekana ni wa kigeni, unaharibu vijana. Ulikuwa wakati wa Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga vita mavazi ya kigeni, vimini vinakamatwa. Barua kwenye magazeti zilikuwa moto, wengine wanasema safi, wengine wanauliza mbona rumba ya Kongo haikatazwi, kwani Kongo ni mkoa wa Tanzania? Ule ulikuwa uhakiki, mkipenda msipende. Watu wa kawaida walikuwa wanabishana muziki ni wa nani na unafanya nini ndani ya mtu.

La pili. Jamhuri Jazz kabla haijaitwa Jamhuri ilikuwa Young Nyamwezi. Jina linajieleza. Mkonge ulileta watu hapa kutoka bara, manamba, Wanyamwezi, Waha, na wengine mpaka ng'ambo ya mipaka. Wakiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi na hamu ya kwao, wakataka dansi. Ukitaka kuelewa kwa nini Tanga ilikuwa na bendi kali kuliko ukubwa wa mji, anzia kwenye mashamba. Mkonge ulipoanguka bei, fedha za kiingilio zikaanguka nao. Msije mkaongea magitaa bila kumuongelea aliyelipa mlangoni.

Mpiga besi

Shikamoo mzee wangu. Hicho ulichokiandika ni kipindi kizima.

Binti Pangani

Mzee shikamoo. Wakuu habari zenu.

Mmeandika mengi ya magitaa, sasa niseme la maneno, maana naona wanaume mkifika kwenye taarab mnaishia kwenye besi.

Shakila binti Saidi ni wa kwetu Pangani. Aliimba Black Star, akaimba Lucky Star, akaenda Dar, akafariki 2016. Zikaandikwa rambirambi nyingi, "gwiji", "malkia", "pengo lisilozibika". Sikuona hata moja iliyosema alikuwa anafanya nini na sauti yake. Naomba niseme mimi basi.

Shairi letu la kawaida mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na katikati pana pumziko. Ukiliimba kwa ala za kizamani pumziko hilo linajazwa na udi au fidla. Black Star walipoleta mwendo wa rumba, mapigo hayasubiri. Mwimbaji ana njia mbili: aikimbize mizani ili alingane na ngoma, au aivute silabi ipite juu ya pigo na kuangukia baadaye. Shakila alivuta. Msikilizeni anavyochelewa. Anaiacha besi itangulie, kisha neno linakuja nusu hatua nyuma, lile neno lenyewe la uchungu. Waimbaji wengi wa sasa wanatua juu ya pigo kila mara, ndiyo maana hata wakiimba msiba unasikia harusi.

Na msiseme hatuna utamaduni wa uhakiki. Taarab yenyewe ni majibizano. Miaka ya 90 vikundi vya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano walijibizana jukwaani, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, na mjini wanawake walikuwa wanachambua wimbo mstari kwa mstari: fumbo hili limeangukia wapi, jibu limefika au halikufika, nani kakopa mstari wa nani. Uhakiki huo ulikuwa mkali kuliko wa gazeti lolote. Haukurekodiwa tu.

Sharti langu ni moja. Podikasti ikianza na wanaume watatu na hakuna mwanamke anayejua mashairi, mimi siisikilizi.

Kaole

Natokea Bagamoyo, naomba nafasi ya jirani.

Mleta uzi anasema mngurumo wa gitaa si wetu kwa sababu tunataka sauti safi. Kwa dansi ya Tanga sawa. Lakini aje asikilize ilimba ya Wagogo, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, mtu wa Dodoma aliyeishi na kufundisha hapa Bagamoyo mpaka alipofariki 2003, alikuwa na ilimba kubwa zenye vyuma vingi. Kwenye kisanduku chake panatobolewa tundu, linazibwa kwa utando wa buibui, na kila chuma kikipigwa utando ule unatetemeka na kutoa mvumo. Mvumo huo unatengenezwa kwa makusudi kabisa. Fundi akiona ilimba inalia safi mno anaona haijakamilika. Sasa niambieni tofauti yake na mpiga gitaa wa London anayeizidishia amplifaya yake mpaka ikoreme ni ipi. Sikio linalotaka sauti iwe na ukungu juu yake tunalo tangu zamani.

Na si ajabu watu wa rock walimsikia mapema. Mwimbaji Peter Gabriel alitoka bendi ya rock ya Genesis mwaka 1975, akawa miongoni mwa waanzilishi wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia nzima, la kwanza likafanyika 1982, baadaye akaanzisha lebo ya Real World. Zawose alirekodi huko, na mwaka 2002 akatoa albamu pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Nikiisikiliza ile albamu nabaki na kinyongo. Kuna mahali magitaa na mashine za Brook zinamsogeza mzee vizuri, zinampa uwanja. Kuna mahali zinamtandikia zulia ambalo hakuliomba, sauti yake yenye vijia vingi inalazimishwa inyooke. Ningependa sana kubishana na mtu anayeipenda yote.

Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose wametoa albamu yao kwa lebo hiyo hiyo, kama Zawose Queens. Wanawake wa familia ambao kwa miaka mingi walikuwa waitikiaji. Bagamoyo tuna TaSUBa hapa, chuo cha sanaa tangu 1981, wanafunzi wanaojua kupiga na kucheza wamejaa. Wa kuandika kuhusu albamu ile kwa Kiswahili wako wapi?

Mleta uzi

Kaole, umenipa kazi. Ila ona tofauti moja: mvumo wa ilimba ni mwembamba, unakaa juu ya noti na noti yenyewe bado unaisikia. Mngurumo wa gitaa la rock unaimeza noti. Wagogo walitaka ukungu, rock inataka moshi wa shamba zima. Hapo tunaweza kubishana saa nzima na kila mmoja ana ala yake mkononi ya kuthibitisha.

Binti Pangani, nafasi ni yako kabla ya yangu. Lile la kuchelewa nyuma ya pigo nimelirudia kulisikiliza usiku huu na nimelisikia.

Mdau wa Makorora

Swali kwa mleta uzi. Unasema maisha ya msanii tuyaache. Huyo huyo Jim DeRogatis uliyemtaja ndiye aliyeandika habari za mwimbaji R. Kelly. Desemba 2000, yeye na mwenzake Abdon Pallasch kwenye Sun-Times, wakieleza anavyowafanyia mabinti wadogo. Watu wakampuuza, wakasema mhakiki wa muziki anafuata nini vyumbani. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mahakama ya New York ikamtia hatiani, akapewa miaka 30. Angekaa na magitaa tu ingekuwaje?

Mleta uzi

Mdau, swali zito na nalijibu bila kuzunguka.

DeRogatis hakuuliza R. Kelly anatembea na nani ili watu wacheke. Alipokea taarifa, akatafuta nyaraka za mahakama, akaongea na familia, akaendelea miaka na miaka wakati wenzake wanahakiki albamu kana kwamba hakuna kitu. Kuna mtu anaumizwa, na umaarufu wa muziki ndio unaomfunika anayeumiza. Hiyo ni kazi ya mwandishi wa muziki, tena kazi ya kwanza. Kwetu tukijua msanii au bosi wa bendi anawaharibu watoto wa watu, tukanyamaza halafu tukasifu chemko lake, hatufai kushika kipaza sauti.

Umbea wa redioni ni kinyume chake kabisa. Wenyewe unauliza yasiyomuumiza mtu na kuyakwepa yanayoumiza. Mwanamuziki mzee kadhulumiwa nyimbo zake, halipwi, nani anamuuliza mwenye studio? Hakuna. Wanamuuliza kijana kanunua raba wapi.

Na kuna jambo jingine la DeRogatis nalikumbuka sana. Aprili 1982, akiwa bado mwanafunzi wa shule, alikwenda kumhoji Lester Bangs, mhakiki wa rock aliyekuwa akisomwa Marekani nzima. Wiki mbili baadaye Bangs akafariki. Mahojiano yale yakabaki. Hapa Tanga wapo wazee waliopiga kwenye bendi hizi, wanakaa na kahawa yao, tunapita tunawasalimia. Tuwafuate na kinasa sauti mwezi huu huu.

Mtu wa mitambo

Naona watu wamekolea, niwape ya vitendo.

Msihangaike na ukubwa. Sauti ya mazungumzo ukiihifadhi kwa kilobiti 64 kwa sekunde, njia moja, saa nzima ni kama MB 29. Hiyo inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp na mtu wa bando dogo anaimudu. Ukiweka kilobiti 128 inafika karibu MB 58, muziki utasikika vizuri zaidi ila utawapoteza wa mashambani. Mimi ningetoa matoleo yote mawili.

Rekodini kwenye chumba chenye mapazia na godoro, siyo ukumbini. Kila mtu na kipaza sauti chake. Kelele za bodaboda mtaani ndizo zitawasumbua kuliko kitu chochote, kwa hiyo asubuhi na mapema, au Ijumaa wakati wa swala mji ukiwa umetulia kama hamna wa kwenda msikitini.

La sheria: kucheza vipande vya nyimbo kunaigusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize mapema kipande cha urefu gani kwa ajili ya uhakiki. Na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, walileta kanuni za maudhui mtandaoni mwaka 2018, zimerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Ulizeni kanuni ya sasa inawataka nini kabla hamjapandisha kipindi cha kwanza.

Mgosi wa Chumbageni

Haya, rock mmeniingiza, maana huyo Sister Rosetta nimemtafuta na nimemwangalia mara tatu. Mama anapiga gitaa huyo!

Lakini msinisahaulie singeli na bongo fleva. Wagosi wa Kaya walipoimba kuhusu wauguzi nchi nzima ilizungumza, hospitalini wakakasirika. Watu wanayakumbuka maneno, mdundo hakuna anayeuzungumzia. Na singeli mapigo yanakimbia mpaka mtu mzima anashika kifua. Je, ubeti unabaki na maana kwenye kasi ile au sauti imekuwa ngoma nyingine tu? Nataka kusikia Binti Pangani na mizani yake anajibu hilo.

Binti Pangani

Nitajibu. Ila kwa sauti, si kwa kuandika, maana lazima niuimbe ndipo muone.

Mleta uzi

Basi wakuu, napendekeza kipindi cha kwanza kiwe Atomic na Jamhuri. Wimbo mmoja wa kila bendi, wa miaka ile ile, tusikilize pande zote mbili za santuri. Mzee wa Barabara ya Kumi atufungulie kwa habari ya mashamba na kiingilio, tukikubaliana naye tutamfuata nyumbani na chombo ili asisumbuke. Mpiga besi achague bendi moja, mimi nachukua itakayobaki. Kila dai liwe na dakika na sekunde yake. Mtu akisema "ule ulikuwa muziki bwana" bila kuonyesha mahali, tunamkata.

Cha pili Binti Pangani aongoze, Shakila peke yake. Cha tatu Kaole apande basi aje na ilimba.

Mpiga besi

Nachukua Jamhuri. Na nakuonya mapema, mleta uzi, nitaanza na besi, sitaigusa solo mpaka dakika ya ishirini.

Mzee wa Barabara ya Kumi

Njooni Jumamosi baada ya alasiri. Jamhuri nitaitetea na mimi, kwa hiyo mleta uzi ajiandae kupigana na wawili. Santuri zenu zikiwa na mikwaruzo leteni hivyo hivyo, mashine ya kuchezea ninayo.